Ploti ya Nanyuki kwa Fleti ya Ugiriki

Mwezi uliopita niliitwa Nyeri kwa shauri la nyumbani. Dada yangu aliolewa huko zamani, mtaa wa Majengo, na mumewe alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba wanayokaa na ploti mbili mjini Nanyuki. Kwa dasturi yetu mjomba akiitwa haulizi sababu kwa simu. Nilitia koti langu zito mkobani, maana baridi ya Nyeri haina mzaha na mtu aliyezaliwa Mombasa, nikaondoka. Mpwa wangu alinipokea stendi, akaniamkia kwa heshima zote, akanichukulia mkoba na kunifungulia mlango wa gari. Nikajua pana jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana alikuwa amekutana na wakala katika hoteli moja ya Nairobi. Wakala akamwonyesha picha za fleti iliyoko Athens, ambayo zamani ilikuwa karakana na sasa imegeuzwa makao ya watu. Akitoa euro 250,000, na juu yake kodi na ujira wa mawakili, ataandikiwa fleti hiyo, na Serikali ya Ugiriki itampa kibali cha ukaaji cha miaka mitano mitano, yeye na mkewe, watoto wao walio chini ya miaka 21, na wazazi. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni 35. Ploti za Nanyuki, zikiuzwa zote mbili, zinatosha.

Hapo zamani mtu angesema kwamba ploti mbili za Nanyuki zina thamani ya nyumba katika Athens, angepelekwa kwa mganga. Lakini mji ule umegeuka. Matajiri wa Nairobi wanajenga huko nyumba za kupumzikia, Wazungu wengine wanastaafu huko ili waamke wakiutazama mlima, na askari wa Uingereza wana kituo chao cha mazoezi. Bei ya ardhi imepanda hata mwenyeji wa Nanyuki hawezi tena kununua pale alipozaliwa. Nasikia watu wa Lisbon nao wamelia kilio hicho hicho, kwamba wageni wenye fedha walikuja kununua nyumba kwa ajili ya vibali, na kodi ikawashinda wenyeji.

Sasa nimweleze mpwa wangu kwa haki, maana si mvivu wala si mpumbavu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, anauza simenti, mabati na misumari, na anasali. Nilimwuliza, "Umekosa nini hapa hata uuze kiwanja cha baba yako?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho, wenzangu wa darasa moja walikwenda kwa chifu wakarudi na karatasi zao. Mimi, kwa ajili ya jina langu, niliambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu alizaliwa njiani, mamake akiwa katika msafara wa wapagazi. Nani angempa cheti? Nilizungushwa miaka miwili. Hawa Wagiriki hawakuniuliza habari za babu. Wameniuliza barua ya benki na cheti cha polisi."

Wallahi sikuwa na jibu la papo hapo. Ndugu msomaji wa pwani, wewe wayajua haya kuliko nijuavyo mimi kuyaandika. Ni wangapi kwetu, Mombasa na Lamu na Malindi, waliokaa mbele ya meza ya afisi wakiulizwa babu wa babu? Wanubi wa Kibera walipeleka kesi ya watoto wao mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto, na mwaka 2011 ikaamuliwa kwamba wamedhulumiwa. Wamakonde wa Kwale walikaa nchini tangu siku za mashamba ya mkonge, na walikuja kukubaliwa kuwa raia mwaka 2016 tu. Wapemba wa pwani walingoja hadi 2023. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho, nasi tulisema alhamdulillahi. Lakini maumivu ya mtu aliyeambiwa athibitishe kwamba ni wa kwao hayafutwi na tangazo.

Kwa hiyo simlaumu mtu anayetafuta mlango wa pili. Ninalotaka kusema ni kwamba mlango huu unaouzwa Ulaya sisi tumekwisha kuuona, tena hapo hapo chini ya Mlima Kenya, na tuliona ulivyofungwa.

Kituo cha Nyeri kiliwekwa mwaka 1902 na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Kiingereza, baada ya kuwapiga wenyeji. Nyuma ya askari walikuja wapagazi na wafanya biashara, na katika hao walikuwamo Waswahili na Wasudani, ndio maana hata leo utasikia adhana katika miji ile, na ukifika Murang'a utakuta mtaa unaitwa Mjini. Halafu wakaja walowezi. Mwaka huo huo wa 1902 ilipitishwa sheria ya kumpa Mzungu ardhi kwa miaka 99. Hakutosheka. Mwaka 1915 ikapitishwa nyingine iliyompa miaka 999. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919, askari wa Kiingereza walioachishwa jeshi waligawiwa mashamba, mengine kwa bahati nasibu iliyochezwa katika ukumbi wa thieta mjini Nairobi, na baadhi yao ndio waliojaa upande wa Nanyuki. Wakati ule ule Mwafrika alivishwa kipande shingoni, ndani ya kibweta cha chuma, asiweze kutoka kazini bila saini ya tajiri wake. Yaani mmoja alipata ukaaji kwa mtaji na rangi, na mwingine akawa mpangaji alikozikwa babake.

Ajabu ni kwamba Wazungu wengine waliipenda Nyeri kweli. Baden-Powell, aliyeanzisha Uskauti, alikuja kumalizia maisha yake huko, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko pale mjini mpaka leo. Huyo hatuwezi kusema alitaka pasipoti.

Lakini turudi kwenye hesabu. Kutoka 1915 hadi Uhuru wa 1963 ni miaka 48. Walowezi wengi waliuza wakaenda zao, na fedha za kununulia mashamba yao zilikopwa Uingereza na Benki ya Dunia, Mwafrika akazilipa kidogo kidogo kutoka maziwa na pareto. Waliobaki na hati zao za karne tisa na ushei walikutana na Katiba ya 2010, iliyosema kwamba asiye raia hatashika ardhi ya Kenya zaidi ya miaka 99. Sheria ilitoa, sheria ikapunguza. Wala mtu hakulazimika kuvunja ahadi usiku. Kalamu ilitosha, mchana kweupe.

Na hayo ni ya ardhi. Ya pasipoti ni makali zaidi, na kwa sababu waliopatwa nayo walikuwa majirani zetu, nitakaa hapo kidogo.

Wakati wa Uhuru Wahindi wa Kenya walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, wajiandikishe kuwa raia wa Kenya. Wengi hawakujiandikisha. Walikuwa na pasipoti za Kiingereza, na waliona hizo ndizo bima. Nani angewalaumu? Pasipoti ile ilitolewa kwa jina la Malkia, na Malkia mwenyewe alikuwa amekuwa Malkia hapo hapo karibu na Nyeri: alipanda Treetops Februari 1952 akiwa binti mfalme, na alipoteremka babake alikuwa amekwisha kufa Uingereza. Habari zilimfikia Sagana, katika nyumba aliyopewa kwa arusi yake. Mwenye duka wa Nyeri au Karatina aliyeiweka pasipoti ile katika sanduku la chuma, pamoja na dhahabu ya mkewe, alikuwa na kila sababu ya kulala usingizi.

Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mbili, moja ya uhamiaji na moja ya leseni za biashara. Asiye raia sharti awe na kibali cha kufanya kazi, na ziko sehemu na bidhaa ambazo hataruhusiwa kuzifanyia biashara. Walioumia zaidi ni wenye maduka ya miji midogo. Wakafungua masanduku, wakatoa pasipoti, wakaelekea uwanja wa ndege. Ndipo Bunge la Uingereza, kwa siku tatu tu, likapitisha sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Machi 1968: mwenye pasipoti ya Uingereza hataingia Uingereza kwa haki yake ila awe yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, amezaliwa au ameandikishwa huko. Wengine wote wangoje vibali, 1,500 kwa mwaka mzima, kila kibali kwa mkuu wa familia. Watu walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, pasipoti mkononi. Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuja kusema mwaka 1973 kwamba walitwezwa kwa ajili ya rangi yao. Maneno mazuri, lakini duka lilikuwa limekwisha kuuzwa.

Angalia basi swali lililoulizwa mwaka 1968: babu yako alizaliwa wapi? Ni lile lile aliloulizwa mpwa wangu katika afisi ya kwetu. Alidhani kwa Wagiriki amelikimbia. Mimi nasema amelikuta limelala tu.

Ushahidi wa kwamba linaweza kuamka upo, na si wa zamani. Cyprus ilikuwa ikiuza uraia kamili kwa euro milioni mbili. Ikaacha Novemba 2020 baada ya kashfa, na tume iliyochunguza ikakuta kwamba katika pasipoti 6,779 zilizotolewa, zaidi ya nusu zilitolewa kinyume cha sheria. Baadhi ya wenyewe wakaanza kunyang'anywa. Uingereza ilifunga mlango wa wawekezaji Februari 2022, Ireland mwaka 2023, Hispania Aprili 2025. Ureno, iliyoanza 2012, iliondoa ununuzi wa nyumba mwaka 2023 ikabakisha mifuko ya uwekezaji ya euro 500,000. Malta nayo ilianza kwa kudai euro 650,000 za kuipa serikali, nyumba, na hati za mkopo za 150,000 (mwenye kuogopa riba hapo angekuwa na swali la kumwuliza Sheikh), na tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba uraia haufanywi bidhaa, na kwamba Malta imevunja sheria. Ugiriki yenyewe ilianza 2013 kwa euro 250,000 popote. Leo kwa Athens na sehemu nyingine zinazotafutwa sana ni 800,000, na kwingineko 400,000. Ile bei ya zamani imebakia kwa majengo yaliyogeuzwa makao na yale ya kale yaliyokarabatiwa. Ndiyo maana wakala alikuja na karakana.

Wala kinachouzwa si uraia. Nilimsomea mpwa wangu mambo haya polepole. Kibali kinamruhusu kukaa, hakimruhusu kuajiriwa. Kinadumu maadamu fleti ni yake, akiiuza kimekwenda. Uraia wa Ugiriki unataka miaka saba ya kukaa huko kweli kweli, na mtihani wa lugha yao. Mtu wa kuuza misumari Nyeri atakaa Athens miaka saba akifanya nini? Akasema, "Ni ya watoto, mjomba." Watoto nao wakifika umri wa utu uzima wanatoka katika kibali cha baba, watafute chao.

Wako watakaoniambia kwamba hata Kenya inauza. Ni kweli kiasi. Mgeni akija na dola 100,000 za kuwekeza anaweza kuomba kibali cha mwekezaji, na wengine wa Nanyuki wako hapa kwa njia hiyo. Adnan Khashoggi, tajiri wa Kisaudia aliyekuwa gumzo la dunia, alikuwa na ranchi ya Ol Pejeta hapo nje ya Nanyuki, na nyumba yake ilikuja kugeuzwa hoteli ya watalii. Tajiri wa namna hiyo akipoteza nyumba moja ana nyingine. Tofauti iko hapo. Anayenunua kwa fedha zilizozidi, na afanye apendavyo, ni mali yake. Nisichokubali ni mtu kung'oa mzizi ili apate mwavuli.

Sisi Waislamu hatukatazwi kuhama. Tulisoma chuoni habari za masahaba waliokimbilia Habasha, kiasi cha mwaka 615 wa kalenda ya Kizungu, na Najashi akawapokea. Makureshi walituma wajumbe na zawadi za ngozi nzuri ili awatoe. Najashi aliwasikiliza wageni wake kwanza, kisha akakataa, na zawadi akazirudisha. Wale hawakuwa na kitu cha kumpa. Nchi za leo zinazomfungulia mwenye nusu milioni ya euro, na kumwacha maskini azame baharini mbele ya visiwa hivyo hivyo vya Ugiriki, sijui wangesimama upande gani wa baraza lile.

Basi usiku wa pili, baada ya isha, tulikaa kikao. Alikuwapo dada yangu, mpwa wangu, na dada zake wawili, mkubwa mwalimu wa shule huko Karatina, mdogo ameolewa Murang'a. Chai ya tangawizi ilimiminwa. Mpwa akaeleza mpango wake vizuri sana, kama aliyefundishwa. Alipomaliza, yule mwalimu akauliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Kaka, katika hicho kibali, dada yumo?"

Kijana akasema nadhani yumo. Dada akasema asidhani, ampigie wakala. Akapiga, simu ikawekwa sauti tuisikie sote. Wakala akataja mke, watoto, wazazi wa mume na wazazi wa mke. Akaulizwa, na dada? Akajibu, dada hapana, dada ni familia nyingine.

Sasa piga hesabu ya mirathi pamoja nami. Mjane ana thumni. Kinachobaki, mwana wa kiume huchukua mafungu mawili na kila binti fungu moja. Kwa hivyo sehemu ya mpwa wangu katika ploti zile ni saba katika kumi na sita. Haifiki nusu. Zaidi ya nusu ya fleti ile ya Athens ingekuwa fedha za mama yake na dada zake, na hao dada wasingeweza hata kulala humo usiku mmoja bila kuomba viza kama mtu baki. Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Yaani fungu langu litakaa Ulaya, na mimi Karatina." Mdogo wake alicheka, lakini si kwa furaha.

Dada yangu, ambaye kwa mujibu wa wakala angepata kibali, alisema baridi ya Nyeri imekwisha kumtosha, na kwamba Ijumaa hupita makaburini kwa mumewe, na hajui kama kuna gari la kumleta kutoka Athens.

Niliposemeshwa nilisema maoni yangu kama nilivyoyaandika hapa, na nikaongeza kwamba lolote lisifanywe kabla mirathi haijagawanywa mbele ya Kadhi, kila mtu ajue chake. Kijana akitaka kuuza saba zake baada ya hapo, hakuna atakayemzuia, ingawa hazitanunua hata nusu ya karakana. Alikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Haraka ile ikanitia shaka. Nikamwuliza kando, ukumbini, kama amekwisha kutoa chochote. Akainama. Alikuwa ametoa euro 5,000 za kushikia fleti, fedha ya duka, na hati aliyopewa imeandikwa Kigiriki upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na hakuna palipoandikwa kwamba zinarudishwa.

Mamake bado hajaambiwa. Nimempa muda hadi mwisho wa mwezi amwambie mwenyewe, na wakala, kila akipigiwa, yuko mkutanoni.